Mnafu wa Kariakoo

Maneno ya hasira hayana breki. Agnesi aliyasema ya kwake mezani, mwiko ukiwa mkononi, tena mbele ya jirani yake Sabaha, mwanamke ambaye tangu azaliwe hajawahi kusahau neno la mtu.

Ilikuwa hivi. Mumewe Tarsis alikaa bandarini miaka thelathini na moja akihesabu makontena, na hakuna siku aliyolalamika. Akastaafu Ijumaa. Jumamosi akaanza kulalamika, na toka siku hiyo hakupumzika. Dar joto. Dar kelele. Ndizi za Dar zimeivishwa kwa hila, mbuzi wa Dar wamekula maboksi, hata mvua ya Dar hainyeshi kwa adabu. Kila sahani aliyowekewa aliikagua kama mzigo ulioshushwa bila karatasi.

Halafu ikaja Jumapili ya mnafu. Mnafu, kwa asiyeujua, ni mboga ya majani yenye uchungu wake, na Mchaga akiukosa wiki mbili anaanza kununa bila sababu. Agnesi alinunua mafungu matatu sokoni, akachambua, akachemsha, akatia maziwa. Tarsis akaonja kijiko kimoja, akasukuma sahani.

“Huu si mnafu,” akasema. “Hauna hata uchungu. Mama Vicky, mimi nimeshaamua. Kaka Ansbert anatuongezea chumba kule Kibosho. Tunarudi nyumbani. Mji huu hauoteshi kitu.”

Agnesi akaukamata vizuri mwiko wake. Miaka thelathini na nne yuko Kariakoo! Duka lake la vitenge liko Mtaa wa Sikukuu, wateja wanatoka Songea mpaka Lubumbashi wanamuulizia kwa jina. Vicky amemlelea humuhumu, ghorofa ya tatu, jengo la ghorofa nne, mpaka mtoto akasoma, akaolewa, akahamia Dodoma. Kibosho aliipenda, tena sana, lakini Kibosho ya Krismasi: wiki mbili, baridi kidogo, mbuzi mmoja, halafu basi la kurudi. Kukaa moja kwa moja, asubuhi na jioni, umezungukwa na migomba na mawifi? Thubutu!

“Nani kakwambia hauoteshi?” alifoka. “Nitaotesha mnafu hapahapa, juu ya paa la jengo hili! Sufuria nzima! Kaka yako akija Pentekoste atakula mpaka ajing'ate vidole.”

“Sufuria nzima?” Tarsis akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu astaafu.

“Ile kubwa. Ya kipaimara cha Vicky.”

“Haya. Ukinilisha mnafu wa Kariakoo, sufuria nzima, na ukawa mnafu wa kweli, sihami. Mtanizika Kinondoni. Ukishindwa, Ansbert akirudi tunapanda naye basi.”

Hapo mwiko ulimtoka Agnesi mkononi. Mchaga kukubali kuzikwa Dar, jamani, si maneno ya kutamka ovyo. Mzee alikuwa na uhakika wa kushinda.

“Mimi nimesikia,” akasema Sabaha, aliyekuwa amesimama mlangoni na kinu alichokuja kuazima. “Mimi ni shahidi.” Alisema kwa utani, lakini uso wake haukuwa wa utani. Sabaha ni mtu wa Lindi, muuza korosho, anakaa ghorofa ya pili. Miaka ishirini na sita wamepishana na Agnesi kwenye ngazi ileile, wameleleana watoto, wamezikiana, wameazimana chumvi mpaka hawajui tena nani anamdai nani. Aliteremka na kile kinu, na siku hiyo hata hakukitumia.

Kulikuwa na wiki tisa mpaka Pentekoste.

Agnesi hakuwa mtu wa kulia na kusaga meno. Kesho yake alimwita Twaha, kijana wa mkokoteni, akaleta viroba ishirini vya udongo mweusi kutoka bonde la Jangwani, ule unaoachwa na mafuriko, mzuri mpaka unatamani kuuonja. Akakata matairi mabovu kumi na sita, akayapanga paani pembeni ya simtanki la maji. Mbegu alitumiwa kwa bahasha na Mama Robert, mke wa Ansbert. Siku ya sita mnafu ukachomoza, mdogo, kijani, kama umechorwa kwa sindano. Agnesi alipiga vigelegele peke yake juu ya paa hadi mafundi simu wa mtaa wa pili wakainua vichwa.

Siku ya saba kunguru wakaja.

Kunguru wa Kariakoo ni watu wazima. Hawali miche, hapana. Wanaing'oa, wanaitazama, wanaitupa, wanang'oa mwingine, kama mteja asiyenunua. Agnesi alichukua fimbo mbili, akazivika fulana ya bandarini ya Tarsis, ile ya rangi ya kuwaka, akaweka na kofia ngumu juu. Siku tatu kunguru waliheshimu. Siku ya nne mmoja akatua juu ya kofia, akaitazama miche kwa raha kama msimamizi wa zamu. Sabaha alicheka mpaka akakaa chini.

“Shoga, umewaajiria bosi!”

Basi Agnesi akashusha vyandarua vya zamani, akafunika matairi yote, akakaza kwa mawe. Kunguru wakatukana kwa lugha yao siku mbili, kisha wakahamia jengo la jirani.

Wakafuata vidukari, wale wadudu wadogo wanaojipanga chini ya jani kama abiria. Agnesi alisaga kwa jiwe pilipili kichaa na kitunguu saumu, akachanganya na maji ya sabuni ya mche, akanyunyiza. Alipiga chafya arobaini, lakini vidukari waliondoka bila kuaga. Mnafu ukaanza kunenepa. Tarsis akawa anapanda paani jioni, mikono nyuma, anajifanya anakagua tanki. Agnesi akaanza kulala vizuri.

Mwizi wa tatu ndiye aliyemvunja moyo. Huyu hakuonekana. Jioni unaacha majani mapana, asubuhi unakuta matundu, siku nyingine unakuta kijiti kitupu. Chandarua kipo palepale, jiwe liko palepale. Kulikuwa na michirizi mikavu inayong'aa kwenye matairi, lakini Agnesi aliiona kuwa ni ile sabuni yake. Aliongeza pilipili. Akamwaga majivu ya jiko, mvua ya masika ikayafagia. Aliweka mitego ya panya, ikanasa kandambili ya Tarsis, mguu ukiwa ndani.

“Konokono hao,” akasema Sabaha.

“Konokono! Apande ghorofa nne na lifti mbovu? Mimi mwenyewe napumzika mara mbili!”

“Mimi nimekwambia. Kwetu mwizi asiye na miguu ndiye anayefika mbali.”

Agnesi hakusikia. Wiki ya nane ilipokwisha, nusu ya shamba ilikuwa vijiti. Yale matairi mengine yalikuwa yametoa majani mapya, mazuri, na aliyapiga hesabu mara mbili: yakifika Jumapili yote salama, sufuria inajaa. Yakiliwa usiku mmoja tu kama wiki iliyopita, haijai. Na Ansbert alikuwa ameshakata tiketi. Tarsis alikuwa ameshaanza kufunga vitabu vyake kwa kamba, anapiga mluzi, na ule mluzi ulimchoma Agnesi kuliko pilipili zote alizosaga.

Akampigia simu Mama Robert kwa sauti ya chini, kajificha nyuma ya majora ya vitenge dukani.

“Dada yangu nahamishwa! Nisaidie.”

“Wewe na mji wako,” Mama Robert akacheka. “Hapa kihambani, kwenye migomba yetu, sisi tunatumia mkojo wa ng'ombe. Nauvundika wiki mbili na majivu na majani ya alizeti pori, unakuwa mzito, wa kahawia. Usimwagie mboga, unaunguza. Zika vikopo udongoni mpaka shingoni, vijaze, mdudu akinusa anageuza. Ninalo dumu tayari, Ansbert atakuletea pamoja na mbege, pombe yangu ya ndizi na ulezi. Mbege mfuniko wa bluu, dawa yako mfuniko mwekundu. Umesikia?”

“Nyekundu dawa. Lakini shemeji asijue ni nini, wala Baba Vicky!”

“Kwa nini?”

“Atasema hata mkojo inabidi utoke nyumbani!”

Ansbert aliwasili Jumamosi alasiri, mzee mrefu wa koti na kofia, kabeba madumu mawili ya njano yanayofanana kama mapacha. Alimnong'oneza Agnesi mlangoni: “Shemeji, hii nyekundu Mama Robert kasema ni dawa yako. Sijauliza ya nini.” Na kweli hakuuliza. Mzee wa heshima haulizi dawa ya mke wa mdogo wake. Ile ya bluu aliiweka mezani kwa fahari, akaipapasa ubavu. “Mbege. Mke wangu kaipika mwenyewe. Kesho baada ya misa.”

Sasa, Agnesi alikuwa na mafua tangu Alhamisi, mafua ya mvua, mafua ya kuziba kabisa. Ungemwekea papa mkavu wa soko la Feri chini ya pua asingejua. Alipanda na dumu lenye mfuniko mwekundu jua likiwa linazama, akazika vikopo vya maziwa kumi na vinne katikati ya mnafu, akavijaza. Kitu chenyewe kilikuwa kizito, cha kahawia, kina machicha, kama Mama Robert alivyomwambia. Lililobaki akalificha nyuma ya simtanki. Akasali Salamu Maria moja kwa ajili ya mnafu, akaona haitoshi, akaongeza ya pili.

Usiku mvua ilinyesha. Agnesi hakupata usingizi wa maana.

Asubuhi, misa ya kwanza ilipokwisha, ndugu wawili walitangulia nyumbani. Agnesi hakuingia hata ndani. Alipandisha ngazi moja kwa moja na kitenge chake cha kanisani, na kabla hajafika juu akasikia sauti ya Sabaha, aliyekuwa paani anaanika nguo.

“Mama Vicky! Mama Vicky weee! Njoo uone wageni wako!”

Agnesi aliinua chandarua cha kwanza. Mnafu ulikuwa umesimama wote, jani kwa jani, umeoga mvua, hakuna tundu. Na vikopo vilikuwa vimejaa konokono. Konokono wakubwa kama yai, wadogo kama kifungo, wengine wamezama, wengine wananing'inia ukingoni vichwa ndani, mmoja kalala chali na pembe zake kazilegeza kama mlinzi aliyekula mshahara. Kikopo cha pili, vilevile. Kumi na vinne vyote! Walikuwa wanakaa chini ya simtanki kwenye unyevu, na huko walifika, wakubwa kwa mayai, ndani ya viroba vya Twaha, wamepandishwa ngazi kwa mgongo wa mtu kama mabwana.

“Si nilikwambia?” Sabaha akapiga makofi. “Si nilikwambia mimi?”

“Uliniambia! Uliniambia, shoga yangu!” Agnesi alimkumbatia, wakarukaruka kati ya matairi, nguo mbichi zinawapiga usoni. Alijisikia msichana. Haendi kokote. Haendi! “Dawa ya Mama Robert ni kiboko!”

Sabaha akasimama. Akainama juu ya kikopo, akavuta hewa.

“Mama Vicky, dawa gani hii inanukia ndizi?”

“Ndizi?”

“Ndizi iliyochacha. Kama ile pombe yenu kwenye harusi ya Vicky, ile mliyonizungushia mbali mkanipa soda. Hawa konokono hawajakimbia, shoga. Hawa wamelewa.”

Agnesi alichovya kidole pembeni ya kikopo, mahali pasipo na mnywaji, akagusa ulimi. Utamu. Ukakasi. Punje ya ulezi ikamkwama kwenye jino. Mafua au siyo mafua, ulimi wa mtu wa Kibosho haudanganywi.

Ilikuwa mbege. Mbege ya shemeji yake, iliyosafiri toka mlimani, wamekunywa konokono.

Alianza kucheka, akakatisha. Kama mbege iko huku, kule mezani, kwenye mfuniko wa bluu, kuna nini?

“Mama yangu!” akasema, akatimka.

Aliteremka ngazi mbili mbili, kitenge mkononi, kiatu kimoja kikabaki njiani. Mlangoni kwake pumzi zikamwishia. Akaegemea ukuta, na sauti za ndugu wale wawili zikamfikia zote.

Kwa desturi ya kwao mbege hainywewi hivihivi. Mwenye nyumba au mkewe aonje kwanza, wageni waone kwamba chombo ni salama. Kwa hiyo walikuwa wanamsubiri yeye, kata ya kibuyu imeshajazwa, iko mezani.

“Kaka,” Tarsis alikuwa anasema kwa tahadhari, “hii mbege, mbona kama ina harufu ya zizi?”

Agnesi aliweza kumwona Ansbert bila kumwona, anavyonyoosha mgongo.

“Harufu ya zizi? Mke wangu ana miaka arobaini anapika mbege. Askofu kainywa.”

“Sijasema mbaya.”

“Wewe mji umekuharibu pua. Hiyo ndiyo harufu ya mbege yenyewe, ya kihambani. Imechelewa njiani kidogo, basi. Umesahau.”

“Mimi nisahau!” Tarsis akapandisha sauti. “Mimi nilivyokaa hapa nikiililia Kibosho usiku na mchana? Nimeitambua tangu ulipofungua. Nilikuwa nakujaribu.”

“Basi onja. Mkeo kachelewa, wewe ndiye mwenye nyumba.”

“Naonja.”

Agnesi, Mungu amsamehe, aliwaza kwa sekunde moja: anywe tu. Wiki tisa za mluzi, na vitabu kufungwa kamba, na mji hauoteshi kitu. Anywe! Kisha akakumbuka kwamba ndiye baba wa mtoto wake, na kwamba atakayeuguza ni yeye. Akasukuma mlango. Tarsis alikuwa ameinua kata kwa mikono miwili, amefumba macho, machozi yamemlenga kwa ukali wa ile harufu, na anasema kwa sauti ya kanisani, “Nyumbani ni nyumbani.”

“Baba Vicky, weka chini!”

“Nini tena?”

“Ni mkojo!”

Ansbert akaruka kwenye kiti. “Wa nani?”

“Wa ng'ombe wako!”

Ikabidi aseme. Akasema yote akiwa amesimama na kiatu kimoja: mwizi wa usiku, simu ya nyuma ya majora, vikopo, mafua, konokono. Alipofika kwenye konokono sauti ilimpungua, maana kumwagia wadudu mbege ya mgeni si tusi dogo. Sabaha alikuwa amefika mlangoni nyuma yake, kabeba kile kiatu, anahema.

Ansbert alimtazama. Akatazama dumu. Akavua kofia, akajikuna.

“Mombo,” akasema.

“Mombo nini?” Tarsis akauliza.

“Basi lilisimama Mombo watu wakale. Nikaenda kwenye buti kufungua madumu, si unajua mbege lazima ipumue, isipopumua inapasuka. Nikakuta yote mawili yamevimba. Nikafungua yote. Konda akaanza kupiga kelele tunaondoka, buti lenyewe limejaa vitunguu na kuku, harufu ya kila aina. Nikafunga haraka.” Akainua mkono mmoja, akauangalia. “Mifuniko nilikuwa nimeishika yote mkono mmoja.”

Kisha Ansbert akaanza kutikisika mabega, na Agnesi alidhani mzee analia, kumbe anacheka, anacheka mpaka anajishikilia meza. “Askofu kainywa!” akasema kwa kwikwi. “Nimemwambia askofu kainywa!” Sabaha akashika mlango. Agnesi akakaa sakafuni palepale na kitenge chake cha kanisani.

Tarsis peke yake hakucheka. Aliitua kata mezani polepole, akaisogeza mbali, akakaa anaitazama.

“Twendeni juu,” akasema.

Walipanda wote wanne. Tarsis alipita tairi kwa tairi kama alivyokuwa akipita kwenye makontena, anainua chandarua, anahesabu konokono kwa midomo. Ansbert alichutama mbele ya kikopo kimoja, akamshauri konokono aliyelala chali kwamba mbege hainywewi tumbo likiwa tupu. Dumu lilikuwa bado na zaidi ya nusu. Agnesi akaonja kwanza, mbele ya mashahidi, kisha ndugu wakanywa palepale paani kwa kikombe cha plastiki, na Sabaha akaletewa soda yake.

Kisha Agnesi akavuna. Alivuna mpaka sufuria ya kipaimara ikajaa, ikafanya kilima, akakishindilia kwa viganja. Akateremka kupika huku anaimba.

Ila kuna jambo moja ambalo furaha ilimsahaulisha, yeye mzaliwa wa Kibosho, mpishi wa miaka yote hiyo. Mnafu ukichemka unanywea. Alipofunua mfuniko, kilima kilikuwa kimekwenda. Sufuria ilikuwa nusu. Si nusu ya kubishania, nusu kabisa, alama ya mstari unaiona.

Aliipeleka mezani hivyohivyo. Afanye nini? Tarsis akachungulia ndani. Ansbert akachungulia. Sabaha, shahidi, akachungulia, na uso wake ukabadilika.

“Mimi nilisikia sufuria nzima,” akasema haraka. “Lakini sikusikia kama ni mbichi au iliyopikwa. Hilo halikutajwa. Naweza kuapa.”

“Sabaha,” akasema Tarsis, “kaa ule.”

Akajipakulia. Akala kijiko cha kwanza, akafumba macho kama alivyofumba mbele ya ile kata. Akala cha pili. Akala sahani nzima bila neno, akajipakulia tena, na jasho likamtoka puani kama linavyomtoka akikutana na uchungu wa kweli. Nje muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe, na mahali fulani muziki wa duka la simu ulikuwa umeanza.

“Mchungu,” akasema hatimaye.

“Mchungu vizuri au mchungu vibaya?” Agnesi akauliza.

“Mchungu kama wa mama.” Akaweka kijiko. “Kaka, mimi leo nilikuwa nakunywa mkojo. Nilikuwa naunywa kwa heshima zote, nimefumba macho, nauita nyumbani. Kama mtu anaweza kufika hapo, basi amekaa mbali siku nyingi, na nyumbani kwake kumeshahama bila yeye kujua.” Akaigonga sufuria kwa ukucha. “Hiki nilichokula ulimi umekitambua wenyewe. Kile chumba usijenge.”

Ansbert akakata kipande cha nyama, akakitafuna kwanza. “Nilikuwa sijaanza,” akasema. “Tangu ustaafu unanipigia simu, nikajua ni hasira za joto.”

Agnesi alitaka kusema neno la ushindi. Alikuwa amelitunza wiki tisa, tamu, kali, la kumkata mtu maini. Likagoma kutoka. Alichofanya ni kumwongezea mumewe mnafu, na machozi yakamdondokea kwenye mwiko, na akasema ni mafua.

“Sufuria ni nusu,” Tarsis akaendelea, “kwa hiyo ahadi nayo ni nusu. Kukaa nakaa. Hilo la Kinondoni tutalizungumza.”

“Hakuna haraka,” akasema Sabaha. Aliinuka ghafla, akasema ameacha nguo juani, akatoka. Nguo zilikuwa zimeshaanuliwa. Agnesi alimfuata, akamkuta amekaa kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, kaficha uso kwenye ncha ya mtandio.

“Wiki tisa, Mama Vicky,” akasema. “Wiki tisa sijatwanga hata kisamvu. Kinu chako nakiona, nalia.”

“Basi kesho ukitwange,” Agnesi akamwambia, akakaa pembeni yake, na wakakaa hivyo muda, mabega yamegusana, mpaka mtu wa ghorofa ya nne akaomba njia.

Ansbert aliondoka Jumanne na madumu mawili matupu, na fungu la mnafu wa Kariakoo limefungwa kwa gazeti, Mama Robert auonje mwenyewe aache kucheka. Tarsis alimsindikiza mpaka stendi. Basi lilipoanza kuondoka alikimbia pembeni ya dirisha, mzee mzima, mkono juu.

“Masika ijayo ulete madumu mawili ya mbege!” alipiga kelele. “La kwangu na la konokono!”

“Na mkojo?” Ansbert akauliza.

“Mkojo ubaki nyumbani!”

Aliporudi alifungua kamba za vitabu vyake, akavipanga upya kwenye kabati. Kisha akapanda paani, akachukua kofia yake ngumu kutoka kwenye ile fimbo, akaivaa, akaangalia kama kunguru wamerudi.